Kisima Nilichokihesabu

Jambo lote hili liligharimu mayai sita ya kuku wa kienyeji, ng'ombe dume mmoja ambaye hakuwahi kufika zizini kwetu, jina zuri la baba yangu, na baba mdogo. Nimepiga hesabu mara mbili na haishuki. Mayai niliyatoa mimi kwa hiari yangu, tena baada ya kupatana. Hayo mengine yalilipwa na watu ambao hawakuulizwa.

Mimi ni dalali wa zabibu. Kazi yangu ni kusimama katikati ya mtu anayesema kreti zake ni arobaini na mtu anayesema ni thelathini na nane, na kujua nani anadanganya. Kwa hiyo si mtu wa kushtuka ovyo. Lakini wiki tatu zilizopita nilikuwa shambani kwa mteja, akawasha mashine ya kuvuta maji, harufu ya petroli ikapanda juu ya udongo uliolowa. Ilibidi niketi juu ya kreti. Mteja akadhani hiyo ni mbinu mpya ya kumshushia bei, akaishusha mwenyewe kabla sijafungua mdomo. Nilimwacha adhani hivyo.

Harufu ile ni ya mwaka niliokuwa darasa la sita, likizo ya kiangazi, ule wakati upepo wa Dodoma unakausha midomo mpaka mtu anacheka kwa tahadhari. Tulikaa Ihumwa, ng'ambo ya reli. Baba yangu, Yohana, alikuwa mchimba visima. Si hivi vya mitambo inayokuja na lori na kuondoka kesho yake; vyake vilikuwa vya sururu, tindo na nyundo, mtu mmoja chini, mmoja juu kwenye kapi ya kuvutia kamba. Mtu wa juu alikuwa baba mdogo Meshaki, ndugu yake wa tumbo moja, mwenye mikono mirefu na mdomo mrefu zaidi.

Baba alikuwa na miiko ya kazi, aliyoipokea kwa mzee aliyemfundisha. Sijui kama ni ya Wagogo wote au ya mzee yule peke yake. Kisimani hupigi mluzi. Huingii na viatu. Na mkubwa kuliko yote, huhesabu. Si ndoo za udongo, si futi, si siku zilizobaki. Kina kilisomwa kwa mafundo ya kamba, fundo moja kila pima, na mafundo yalipapaswa kwa vidole, hayakutamkwa. "Kisima kilichohesabiwa," baba alisema, "nacho kinamhesabu mchimbaji." Kikishahesabiwa kwa sauti, hakuna mtu wa baba aliyeshuka tena humo. Kinaachwa, hata kama maji yameshaonekana.

Sasa chukua mtoto kama mimi umweke hapo. Nilihesabu mataruma ya reli nikienda shule, na nikirudi nikayahesabu tena kuona kama kuna lililoibwa. Nilihesabu maharage kwenye sahani. Baba mdogo aliniita Mhasibu. Nikifika kisimani na chakula ananipokea kwa kelele, "Haya, Mhasibu, leo umeleta ugali au umeleta ripoti?" Nami nafunga mdomo, nahesabu kimoyomoyo.

Kitabu nilikipata mnadani. Mama alinituma kuuza mayai, na pembeni ya viatu vya mitumba kijana mmoja alikuwa ametandaza vitabu juu ya turubai, vya Kiingereza vyote, vimepigwa na jua. Nilikuwa napita tu. Kimoja kilikuwa wazi, upepo unafunua kurasa zake, nikaona mchoro wa kisima. Si kisima cha kuchora kwa mapambo. Kilikatwa katikati ukakiona ndani: matabaka ya udongo, mtu chini, kamba, vipimo pembeni. Nikachuchumaa.

"Hicho mayai kumi," kijana akasema, ameshaona kikapu.

"Hakina jalada."

"Ndani kizima."

"Kinaanzia ukurasa wa ishirini na tatu. Hizo ishirini na mbili ziko wapi?"

"Hizo ni salamu tu."

"Na za mwisho?"

Akakipindua, na yeye akashangaa. "Za mwisho ni kwaheri."

"Sita."

"We mtoto wa nani?"

"Wa Yohana wa visima."

"Chukua bwana. Baba yako asije akanichimbia shimo."

Nilimuuliza ni kitabu cha nini, akasema cha sayansi, huoni mahesabu hayo? Niliyaona. Ndiyo maana nilikinunua. Nyumbani nilimwambia mama kwamba mayai sita yalivunjika njiani, na huo ndio uongo pekee ninaokumbuka kuusema mwaka ule. Mengine yaliyofuata niliyaamini.

Kiingereza changu kilikuwa cha kumsalimia mwalimu na kuomba ruhusa ya kwenda chooni. Lakini namba hazina Kiingereza. Nilianza na majedwali, halafu michoro, halafu kwa kamusi ya shule nikaanza kuyafukua maneno, moja moja, kama mtu anayetoa mawe kwenye mchele. Nilichoelewa ni kwamba kulikuwa na kundi la wachimbaji katika nchi yenye udongo mwekundu, isiyo na mvua, yenye upepo na vumbi na baridi kali usiku. Walichimba kutafuta maji. Walikuwa na wasiwasi kila siku kuhusu maji. Wakiongea na nyumbani kwa redio, jibu lilichukua dakika ishirini na mbili kufika, nikaona hayo ni mambo ya laini mbovu, hata simu ya posta ilikuwa hivyo. Chini ya ardhi yao maji yalikuwa yameganda. Hilo lilinisumbua kidogo, ila usiku wa mwezi wa saba kwetu na wenyewe unaujua. Niliiweka nchi hiyo mbele ya Manyoni, huko kwenye baridi zaidi.

Na hesabu zilikuwa sahihi. Hilo ndilo lililonimaliza. Mwandishi akisema tangi lina ujazo huu na watu ni saba na kila mmoja anakunywa kiasi hiki, maji yataisha siku fulani, mimi nachukua daftari, nazidisha, nagawanya, narudia, inatoka siku ileile. Nilijaribu kumkamata kwa wiki nzima nikashindwa. Nilikuwa nimezoea kukamata watu wazima. Nilimkamata hata mwenye duka. Huyu alikuwa mtu mzima wa kwanza niliyemkagua nikamkuta hajaongeza wala kupunguza, na mtoto akishakutana na mtu wa namna hiyo, atamfuata popote.

Akanifikisha kwenye jedwali la hewa. Humo mtu anayefanya kazi ngumu ameandikiwa lita za hewa anazovuta kila dakika: arobaini. Nililisoma jioni, nikaangalia ukuta. Baba anafanya kazi ngumu. Kesho yake nilipeleka chakula mapema, na wakati baba mdogo anaosha mikono nikazipapasa kamba. Mafundo kumi. Pima kumi ni futi sitini, mita kumi na nane na kidogo. Upana wa kisima niliujua, mita moja na sentimita ishirini hivi, niliupima kwa hatua. Nikarudi nyumbani nikakokotoa ujazo kama tulivyofundishwa mche duara, ishirini na mbili kwa saba, nikapata hewa yote iliyomo kisimani, nikaigawanya kwa pumzi za baba. Ilitoka muda wa saa nane na nusu.

Baba alishuka saa moja asubuhi na kupanda saa tisa alasiri. Muda wa saa nane. Alikuwa amebakiza nusu saa kila siku na hajui.

Mtu mzima anacheka hapa, kwa sababu kisima hakina kifuniko na hewa haikai kama maji kwenye pipa. Mimi sikuliona hilo. Wachimbaji wa kitabuni waliishi ndani ya vyumba vilivyofungwa, na mimi nikakifunga kisima cha baba kichwani mwangu. Nikajieleza kwamba usiku hewa inachuruzika tena kutoka ubavuni, kama maji yanavyojaa kisimani, ndiyo maana asubuhi anakuta mpya. Lakini je, ikichelewa kujaa? Je, siku akinogewa na mwamba akaongeza saa moja? Kuanzia hapo sikula vizuri. Nilikaa kisimani kutwa. Ikifika saa nane mchana naanza kumwita baba kwa visingizio: mama anaumwa kichwa, kuna mgeni, mbuzi ametoroka. Baba mdogo aliinama kwenye mdomo wa kisima akapiga kelele, "Kaka! Mhasibu anasema mbuzi wetu ametoroka tena. Huyo mbuzi tumpe nauli ahame kabisa!"

Kisima kile kilikuwa cha Mzee Issa, mfanyabiashara wa Kondoa aliyenunua kiwanja jirani na reli. Mtu muungwana. Malipo yalikuwa ng'ombe dume wa kulimia, na mama alishamtengea kona zizini. Siku kumi kabla shule hazijafunguliwa, maji yakaonekana. Mwanzo yalifika kwenye kifundo cha mguu, baadaye magotini. Ni furaha, lakini pia ni shida, kwa sababu ili kisima kisikauke kiangazi lazima uchimbe futi kadhaa ndani ya maji yenyewe, na ndoo haziwahi kuyamaliza. Mzee Issa akasema, "Yohana, mimi nina mashine. Kwa nini mteseke?" Akaileta kwenye mkokoteni, ndogo, nyekundu, ya petroli.

Waliiweka juu, haikuvuta. Nilijua haitavuta. Kitabu kilikuwa na kurasa mbili nzima za kueleza kwamba mashine haiwezi kunyonya maji kutoka kina kile hata uikemee vipi. Nilinyamaza. Ndipo baba mdogo akapata wazo ambalo kila mchimbaji duniani hulipata: waishushe. Wakatengeneza uchaga wa magogo katikati ya kisima, wakaiteremsha kwa kamba mbili, baba akashuka akaiwasha akapanda haraka. Ilinguruma humo ndani karibu saa nzima. Moshi wa buluu ulipanda taratibu, mwingine ukabaki. Petroli ikaisha, kukawa kimya, na maji kweli yalikuwa yamepungua.

Mimi nilikuwa nimekaa juu ya lundo la udongo, siondoi macho kwenye moshi ule. Kwa sababu sura ya kitabu inayoeleza hayo nilikuwa nimeimaliza juzi, baada ya siku nne za kamusi. Wachimbaji wa udongo mwekundu nao waliteremsha mashine yenye moto ndani. Ilipozimika akashuka wa kwanza, akalala kama mtu aliyechoka. Wa pili akamfuata kumtoa, akalala. Wa tatu akawafuata wote wawili. Hewa haikuwa na harufu. Na taa waliyoitanguliza ilikuwa inawaka vizuri, kwa sababu sumu yenyewe kidogo tu yatosha kuua mtu na haitoshi kuzima taa.

Baba aliagiza koroboi. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake siku zote: taa ikizimika, huingii, ikiwaka, unaingia. Baba mdogo akaiteremsha mpaka chini. Ikawaka. Tuliiona, ndogo kama jicho la paka.

"Hewa safi," baba mdogo akasema.

"Baba, usishuke."

Wote watatu wakageuka. Mzee Issa naye alikuwa pale, na kanzu yake, amekuja kuona maji yake.

"Kwa nini?" baba akauliza.

"Hewa ya mle imeharibika. Mashine imekula nzuri, imeacha mbaya. Haina harufu."

"Mhasibu," baba mdogo akasema, "hewa nayo inaoza? Kama mayai?"

"Nani kakuambia?" Baba hakuwa anacheka. Alikuwa anajifunga kamba kiunoni.

"Kitabu. Kuna wachimbaji walikufa hivyohivyo. Wa kwanza alilala, wa pili akamfuata, wa tatu..."

"Wa wapi hao?"

"Mbali."

"Mbali wapi? Mtera? Singida?"

"Nchi moja yenye udongo mwekundu."

Baba mdogo akatazama chini, kwenye udongo mwekundu tuliokuwa tumeukanyaga sote, akacheka mpaka akashika nguzo ya kapi. Mzee Issa akatabasamu kwa adabu.

"Mama," baba akaniambia, kwa upole, kwa sababu nilibeba jina la mama yake, "taa inawaka."

"Na kwao ilikuwa inawaka."

Akavusha mguu mmoja kwenye mdomo wa kisima. Nimejiuliza mara nyingi kama ningeweza kulia, au kujitupa chini, au kukimbia kumwita mama. Labda. Lakini nilikuwa mtoto wa hesabu, na nilikuwa na kitu kimoja tu ambacho watu wale wawili walikiogopa kuliko hewa. Nikaishika kamba. Nikaweka kidole kwenye fundo la kwanza.

"Moja," nikasema. "Mbili. Tatu."

Baba mdogo aliacha kucheka kama redio iliyozimwa. "We! We mtoto!"

"Nne. Tano. Sita." Nilipandisha sauti, ili hata mtu wa relini asikie. "Saba. Nane. Tisa. Kumi." Halafu, kwa kuwa ndivyo nilivyo, nikarudi fundo la kwanza nikahesabu tena.

Baba alibaki hivyo, mguu mmoja ndani na mmoja nje. Mzee Issa, ambaye mwiko ule haukumhusu, akaona aokoe hali. "Jamani, si mtoto tu anajifunza hesabu? Hiyo ni kheri."

Baba akautoa mguu. Akafungua kamba kiunoni polepole, akaizungusha, akaiweka begani. "Meshaki," akasema, "fungasha."

Hakunipiga. Angenipiga ningejua tumemaliza. Tuliongozana nyumbani, yeye mbele, mimi nyuma, na kutoka siku ile hakunituma tena kisimani wala hakuniita Mama kwa sauti ile. Kesho yake walikuja wachimbaji wengine, wakaitoa mashine ya Mzee Issa kwa ndoano, keshokutwa yake wakashuka. Walichimba futi nne, maji matamu, hakuna aliyeumia hata ukucha. Ng'ombe dume akaenda kwao. Ihumwa yote ikajua kwamba Yohana alikimbia kisima chenye maji kwa sababu binti yake alihesabu mpaka kumi. Siku mbili zinatosha hewa kujisafisha, lakini hilo nani angelisema? Mimi nilikuwa naangalia watu wale wakipanda wazima, nafurahi, naona aibu, nafurahi tena, sijui niandike safu ipi.

Shule ilipofunguliwa nilimpelekea kitabu mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Neema. Nilitaka mtu mmoja tu aseme nilikuwa sahihi. Alifunua kurasa, akatabasamu, akasoma kidogo.

"Hii umeipata wapi? Nzuri sana. Ni riwaya."

"Ni ya sayansi, mwalimu."

"Riwaya ya sayansi. Hawa wako kwenye sayari nyingine. Hii nyekundu, unaiona usiku? Hakuna mtu aliyewahi kufika."

"Kwa hiyo wale watatu hawakufa?"

"Hawakuwahi kuishi, mwanangu."

Nilikaa chini kwenye baraza la ofisi. Yeye aliendelea kusema, na nadhani alisema jambo la maana sana, kwamba watu ni wa kutunga lakini hewa ni ya kweli, kwamba mwandishi mzuri wa aina hii hutunga kimoja na kuacha vingine vyote vitii sheria. Sikusikia. Nilikuwa nimemvua baba yangu jina lake kwa ushahidi wa watu wasiokuwepo.

Ningepaswa kuvichukia vitabu hivyo. Badala yake nilivitafuta kama mtu anayemtafuta shahidi aliyemkimbia. Kila nikienda mnadani, baadaye kila nikipita kwenye meza za vitabu vya wanafunzi barabara ya Chimwaga, swali langu ni hilohilo: zipo zile zenye hesabu? Wananipa zenye roketi kwenye jalada. Nafungua katikati, natafuta namba, natoa simu, nakokotoa. Nyingi zinaanguka hapo hapo. Mlipuko unasikika mahali pasipo hewa. Meli inasimama ghafla kama bodaboda. Nairudisha mezani, au nashusha bei kwa kila kosa. "Dada," kijana mmoja aliniuliza, "unanunua riwaya au unakagua mahesabu ya kijiji?" Kwa miaka yote hiyo nimepata kumi na moja zinazosimama. Nimezihesabu tena, ni kumi na moja.

Baba mdogo alihama. Baba hakupata tena kazi za maana, na kapi haiwezi kulisha watu wawili wasio na kisima. Meshaki akaenda upande wa Mtera, akavua samaki kidogo, akarudia kuchimba na watu wengine. Nilikuwa kidato cha tatu habari ilipofika. Walikuwa wameteremsha mashine. Walitanguliza koroboi, ikawaka. Akashuka, akalala.

Msibani, wanaume wameketi upande wao, nilisikia sauti ya baba. Hakupaza. Alisema, "Kile kisima cha Issa kilikuwa bado kinamhesabu mtu. Kilinikosa mimi, kikamchukua Meshaki." Nilikuwa nimesimama na sufuria mkononi. Na nilijua. Tulishasoma kemia, nilijua jina la hewa ile na inavyofanya kwenye damu. Lakini niliangalia wale wazee, nikajiona, msichana wa sketi ya shule, na ushahidi wangu ni hadithi ya kutunga, nikaenda kuosha sufuria. Kujua kulikuwa kitu kimoja, na kusema kitu kingine, na mimi nililipia kile cha kwanza tu.

Baada ya ile siku ya kuketi juu ya kreti, nilifanya nisichowahi kufanya. Nilimpa kijana mmoja wa meza za Chimwaga maelezo yote ya kitabu changu kisicho na jina, akakitafuta kwa siku tano akakileta. Kina jalada. Kina zile kurasa ishirini na mbili, na kweli ni salamu tu. Lakini za mwisho hazikuwa kwaheri. Mwandishi anaeleza pale kipi alitunga na kipi hakutunga. Vifo vya shimoni hakuvitunga. Alivitoa kwenye habari za wachimba visima wa mikono katika nchi za joto na ukame, wanaoteremsha mashine za mafuta ili kumaliza maji, wakiiamini taa. Nilisoma mara mbili nikiwa nimesimama barabarani. Mtu yule alichukua vifo vya watu kama sisi, akavipeleka kwenye nyota, na kupitia huko vikarudi Ihumwa kumtafuta baba yangu.

Ningeweza kuishia hapo, nimefurahi, shahidi amepatikana. Ila jioni ileile niliyotoka na kitabu nilimkuta Danieli nyumbani kwa baba. Danieli ni mtoto wa Meshaki, ana miaka ishirini na sita, mikono ya baba yake, mdomo wa baba yake. Amepata kazi ya kisima, ya kwanza ya kwake mwenyewe, na amekuja kufundishwa. Baba siku hizi haoni vizuri, lakini alikuwa amekaa wima kama ambavyo sijamwona kwa miaka, anaeleza. Sururu. Kamba. Miiko. Na alipofika kwenye hewa akasema, "Taa ikiwaka, shuka bila wasiwasi. Hata baba yako nilimfundisha hivyo."

Nilimvuta Danieli nje. Nikamwambia mashine ya petroli haiingii kisimani, na taa inadanganya. Akanisikiliza kwa heshima. "Sawa, dada. Ila baba mkubwa amechimba maisha yake yote na yuko hai. Wewe umechimba vingapi?" Nikamwonyesha kurasa za mwisho. Akaangalia jalada, lile lenye sayari nyekundu, akacheka kicheko cha baba yake kabisa, mpaka nikageuka kutazama nyuma. "Akisema baba mkubwa mwenyewe, nitaacha."

Kwa hiyo nilienda kwa mwenye mashine ya petroli ambayo Danieli alipatana kuikodi, nikaikodi mimi kwa wiki nzima. Sasa iko jikoni kwangu, imefunikwa khanga, na Danieli anadhani kuna mkulima amemwahi. Jumamosi mwenyewe anaichukua. Mashine nyingine za kukodi mjini nimehesabu ni nyingi kuliko uwezo wangu.

Anayeweza kumzuia Danieli ni baba peke yake, na ili amzuie lazima ajue kwamba taa aliyomkabidhi mdogo wake ndiyo iliyomwangusha, si kisima, wala si mimi. Nikimwambia, mimi nitapumzika na yeye hatapumzika tena, na amebakiwa na miaka michache. Nikinyamaza, tutazika mwingine. Kwamba nitasema, hilo limeisha. Sijui namna. Ninyi wa umri wangu mnaosoma hapa, mliowahi kumweleza mzazi mzee kosa lililoua, mlianzaje? Mlimwambia peke yake, au mbele ya yule anayepaswa kuokolewa? Mlimtaja marehemu mwanzoni au mlimwacha amfikie mwenyewe? Naombeni ushauri, hata wa maneno mawili, kabla ya Jumamosi.